Moja ya Kofia, Saba ya Mkanda

Kibondo,
13 Juni 2023

Shemeji Lukmani,

Assalamu alaikum. Huku tu wazima, mimi na Mwajabu, na maharage mwaka huu yamekubali. Vaa miwani yako vizuri, maana habari yenyewe ni hii: rekodi imevunjwa.

Jumapili tulicheza kriketi na Kigoma mjini, hapa hapa kwenye uwanja wa shule, ova hamsini, mipira mia tatu kila upande, mechi ya siku moja kama ile ya mwaka 2011. Kijana mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anaitwa Prince, umri wake miaka kumi na tisa, aliingia wa kwanza na gongo lake la kuazima na hakuna mtu aliyemtoa mpaka ova zikaisha. Mbio mia moja sabini na nane. Marehemu Abdalah wetu alikuwa na mia moja sabini na nne. Ni nne tu juu, lakini nne ni nne, na wewe muuza misumari unajua kwamba mizani haina huruma.

Usinune. Abdalah alikuwa mwanao, lakini mimi mjomba wake ndiye niliyemfundisha kushika gongo wakati wewe unapima saruji. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuumia ni mimi, na mimi Jumapili nilicheza ngoma katikati ya uwanja na mvi zangu.

Sasa kazi yako. Majaribio ya vijana yako Dar es Salaam tarehe 15 Julai. Kambini mtu hatoki bila ruhusa, na ruhusa ya safari inataka barua ya chama chetu yenye muhuri, inayosema kijana huyu ndiye mwenye rekodi ya kanda. Mwenyekiti ni wewe, na muhuri unalala kwenye droo yako. Barua ifike kambini kabla ya tarehe 10. Ikifika, anasafiri. Isipofika, hakuna.

Nakutumia nakala ya ukurasa wa jumla. Ukurasa wa mapigo, ule wa kuandikia mpira mmoja mmoja, niliumwagia chai kwa furaha, wote, na namba za wenzake zikaenda na maji. Mwandishi wa mbio alikuwa Cyriaque, yule mzee Mkongo wa kambini, na unajua jinsi alivyo makini.

Ningekupigia simu, lakini umesema mambo ya chama ni ya maandishi kwa sababu neno la simu halina muhuri. Haya, maandishi hayo, kwa mkono wa Nestori kondakta. Msalimie dada yangu Safina.

Wako katika furaha isiyokuhusu,
Nurudini


Kasulu,
17 Juni 2023

Shemeji Nurudini,

Wa alaikum salaam. Barua nimeipata, na harufu ya chai nimeipata pia.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu mechi yenyewe. Wale warushaji wa Kigoma walishuka basi saa nne na kuanza kurusha saa tano, migongo imekakamaa. Uwanja wenu wa Kibondo, upande wa vyoo vya shule, mpaka uko hatua arobaini na tano; mbuzi akipiga chafya mpira unavuka unahesabiwa nne. Abdalah alicheza hapa Kasulu, nyasi zikimfika kifundoni, mpira mpya, na homa mwilini. Redioni wanasema huko duniani wako waliovuka mia mbili kwa mechi ya siku moja. Sawa, lakini hao hawakukimbia kwenye nyasi za Kasulu.

Hayo ni ya mashabiki kubishania kwenye kahawa. Mimi nina la mwenyekiti. Mwezi wa pili Cyriaque alimtuma mtu dukani kwangu na karatasi ya misumari. Nilisoma kilo saba, nikapima saba. Baada ya saa mbili akaja mwenyewe anahema: "Papa Lukmani, mie niliomba moja." Nikamwonyesha karatasi yake. Moja aliyoandika ina mkono mrefu mbele, inashuka kama saba yetu kabisa. Ndivyo walivyofundishwa kwao.

Kwa hiyo nakala yako haisemi 178. Inasema 118. Mia moja na kumi na nane, si haba kwa mtoto wa kambini, mpigieni makofi mumnunulie soda. Lakini juu ya kaunta yangu kuna ubao wenye jina la mwanangu na 174, na kila mteja anausoma kabla hajasema anachotaka. Huo hautashuka kwa sababu ya Mkongo anayeandika moja kama saba na shemeji anayemwaga chai.

Safina anasalimu.

Lukmani Gharibu,
Mwenyekiti


Kibondo,
22 Juni 2023

Shemeji Mwenyekiti,

Kwanza hongera, umepata karani. Ule mwandiko wako wa kuku kuparua umekwisha, sasa herufi zimekaa mstarini kama wanafunzi wa bweni. Mwambie huyo karani kwamba mkono wake ni mzuri kuliko maneno anayoandikishwa. Mimi mwandiko wa mtu naujua kama nyayo zake, huwezi kunidanganya.

Na kwa kuwa naujua, nilikwenda Nyarugusu Jumanne kumwuliza Cyriaque ana kwa ana. Prince alikuwepo, ameketi chini anafunga gongo kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia mzee kwamba Kasulu wanasema saba yako ni moja. Alicheka mpaka akakohoa. Nakuandikia alivyosema: "Ndugu, ile ni masomo ya watoto. Moja anavaaka kofia, saba anavaaka mukaba. Wale ya kofia peke yake ni moja. Wale ya mukaba mu tumbo ni saba. Mie naandikaka vile tangu Uvira, haiyabadirikaka hata siku moja."

Umeelewa? Moja ya kofia, saba ya mkanda. Saba zake zote zina mstari unaokata katikati. Mashine ya nakala hapa Kibondo wino umepauka, mstari ukapotea. Kwa hiyo nakutumia kitabu chenyewe. Fungua ukurasa wa jumla, angalia jina la Prince, angalia namba ya katikati. Ukiuona mkanda, gonga muhuri. Usipouona, nitanyamaza.

Nakuomba jambo moja tu, shemeji, bila utani. Yule kijana ameshafunga begi. Hana mwaka mwingine kama huu. Mwakani atakuwa amepita umri wa majaribio haya. Mkasirikie mimi, mimi nakuweza. Yeye mwache apite.

Safina simu yake haishiki siku hizi. Ningemwandikia na yeye, lakini marehemu baba alimtoa shule darasa la tatu ili mimi niendelee, kwa hiyo barua yangu ingekuwa kumsimanga. Mfikishie salamu kwa mdomo.

Nurudini


Kasulu,
1 Julai 2023

Shemeji Nurudini,

Kitabu kimefika. Nimekaa nacho mchana mlangoni pa duka, kwenye mwanga, sikutaka mtu aseme nilikisoma gizani. Nimeuliza mara mbili, na jibu limekuwa lile lile. Mkanda hakuna.

Kwa hiyo uamuzi wa chama ni huu, na muhuri nimeugonga chini yake ili usiseme ni hasira:

Tarakimu yoyote iliyoandikwa na Cyriaque katika vitabu vya chama, ikiwa haina mkato katikati, isomwe moja, iwe ya jana au ya zamani. Mbio za Prince ni 118. Rekodi ya kanda inabaki 174, ya marehemu Abdalah Lukmani. Mwandishi huyo asishike tena kalamu ya chama.

Hayo ni ya chama. Sasa yangu mimi.

Unaniambia ulicheza ngoma rekodi ya mwanangu ilipovunjwa. Nimelala na neno hilo wiki mbili. Mimi nimemzika mtoto mmoja niliyekuwa naye. Wewe hukuzaa, Nurudini. Mtu asiyezaa huenda kuokota watoto kambini akawaita wake, na hawezi kujua ubao wa dukani ni nini kwa baba. Mwambie huyo Prince arudi kuuza karanga getini, na begi lake alifungue, nguo zisije zikaoza.

Kitabu chako anakurudishia Nestori.

Lukmani Gharibu,
Mwenyekiti


Kibondo,
16 Julai 2023

Lukmani,

Leo sikuiti shemeji.

Nilingoja makusudi mpaka tarehe ipite, ili usije ukasema nilikuandikia kwa kuomba. Imepita. Prince alikaa getini siku tatu na begi lake miguuni, anauliza kila gari linalotoka Kasulu kama lina bahasha. Jana wenzake wamecheza Dar. Cyriaque amenirudishia kalamu ya chama, ameifunga kwenye karatasi ya daftari. Alinipa tu mkononi na kuondoka.

Kitabu ninacho mbele yangu. Mkanda upo. Umekatwa kwa wino wa bluu, umeshindiliwa mpaka karatasi ya nyuma imepokea alama. Mtu hahitaji miwani, akipitisha kidole anausikia. Ulikaa nacho kwenye mwanga, ukauona, ukaandika hakuna. Ungekuwa umekosea ningekusamehe.

Neno la kutozaa nimemficha Mwajabu. Ila mimi nimelishika, na kwa neno hilo nakupa kitu nilichokutunzia miaka kumi na miwili.

Umetunga kanuni: tarakimu ya Cyriaque isiyo na mkato ni moja, iwe ya jana au ya zamani. Umesaini na muhuri umegonga. Basi tuitumie.

Septemba 2011, kwenye vitabu, mwandishi wa mbio ni mimi. Lakini siku ile mimi nilikuwa nimelazwa na malaria, na kalamu nilimwachia Cyriaque. Hukujua kwa sababu hukuuliza, ulikuwa unabebwa juu na watu. Kitabu hicho ninacho. Humo hakuna chai iliyomwagika. Kwenye jina la Abdalah kuna moja ya kofia, kisha nyingine ya kofia, kisha nne. Mkanda hakuna kweli kweli. Watu waliona saba kwa sababu walitaka kuiona, na wewe ulikuwa wa kwanza kupiga kelele. Nilipotoka hospitali nilijumlisha mapigo moja moja, nikarudia, nikarudia tena. Mia moja na kumi na nne.

Mwanao alipiga 114, Lukmani. Hata 118 uliyomtupia Prince kama mfupa inampita.

Wewe unayehesabu njiti za kiberiti kabla hujauza boksi, mbio za mwanao hukuzijumlisha hata mara moja.

Na yeye alijua. Alikuja kwangu Jumatano baada ya mechi, hakula. Akasema, "Mjomba, baba ameshapaka rangi ubao. Nitamwambia siku akiwa na furaha ya kitu kingine." Siku hiyo hakuipata. Alikuwa anapita uchochoro wa nyuma ili asipite mbele ya duka. Wiki ya tatu pikipiki ikamlaza barabara ya Nyakitonto. Mtoto alikufa anauonea aibu ubao wako, na sisi wawili, mimi na yule Mkongo uliyemnyang'anya kalamu, tulisimama kaburini tukanyamaza kwa ajili yako.

Sasa usome huo ubao kila asubuhi. Mimi nimemaliza.

Nurudini


Kasulu,
20 Julai 2023

Shemeji Nurudini,

Assalamu alaikum. Nimepata barua yako ya tarehe 16, na nakuambia kweli imenilainisha. Kwa mara ya kwanza umeandika kama mtu mzima. Umekubali kanuni, umekubali kwamba 174 ya Abdalah haijaguswa, na yale uliyoyasema juu ya kumfundisha kushika gongo akiwa na miaka saba, na jinsi alivyokuwa anakuja kwako Kibondo kukusimulia kila mechi, yamenitoa machozi mbele ya wateja.

Nami nina la kukubali. Lile neno la kutozaa lilivuka mpaka. Nilikuwa na hasira ya mtu anayeibiwa. Nisamehe, na Mwajabu anisamehe kama alilisikia. Huyo kijana Prince, kama kuna majaribio mengine yoyote, na akapiga tena kwa kitabu safi, muhuri nitaugonga kwa mkono wangu. Na Cyriaque mwambie aje achukue misumari kilo moja, sadaka, tena ile moja ya kofia.

Njoo Kasulu kabla ya mavuno kuisha. Tutakaa chini ya ubao tunywe chai, usiimwage.

Shemeji yako,
Lukmani

*

Kaka Nurudini,

Hapo juu ni maneno yake. Haya hayajui.

Karani uliyemsifu ni mimi, Safina. Lukmani ana mtoto wa jicho macho yote mawili, tangu mwaka jana anaona kivuli cha mtu tu, na hataki ijulikane dukani, watamwibia. Ndiyo maana simu hashiki tena, amesema mambo ya maandishi, na maandishi nasoma mimi na naandika mimi, hata ile karatasi ya misumari niliisoma mimi. Ulisema mwandiko wa mtu unaujua kama nyayo zake. Wangu hukuujua kwa sababu hukuwahi kuuona. Baba alinitoa shule, lakini Abdalah alipokuwa kidato cha pili alinifundisha jioni jioni kwenye meza ya jikoni, herufi kwanza, namba baadaye. Saba yake haikuwa na mkanda, na yangu haina.

Barua zote umeandikiwa na mkono huu. Nilipofika kwenye neno la kutozaa kalamu ilisimama. Akasema andika. Nikaandika, kaka, kwa herufi nzuri.

Unamlaumu Lukmani kwamba aliuona mkanda. Hakuona kitu. Alinipa kitabu mlangoni pa duka, akaniambia, "Mama Abdalah, tazama namba ya katikati. Ina mstari au haina?" Nikatazama. Ulikuwepo. Nikasema haina. Akaniuliza mara ya pili, na akaongeza, "Sema kweli, maana yule naye ana mama." Nikasema haina. Angesikia ninavyohema angejua, lakini pikipiki zilikuwa zinapita.

Sikumchukia yule kijana, sijapata kumwona. Niliona tu fundi anapanda ngazi kuushusha ubao, nikaona ukuta mtupu. Wewe ulikuwa na Abdalah wa uwanjani. Mimi nilibaki na huo ubao na daftari moja la hesabu.

Barua yako ya mwisho ilifika wakati wa chai ya asubuhi. Alikaa mbele yangu na kikombe chake, amegeuza sikio, anangoja kusomewa. Nilisoma mpaka palipoandikwa mkanda upo, na hapo nikasoma haupo. Baada ya hapo nilikuwa natunga, na palipoandikwa mwanao alipiga nikasoma 174. Nilitunga ukurasa mzima, kaka, bila kusita, na jicho langu likiendelea kusoma ulichoandika wewe: kwamba hakula, kwamba alipita uchochoro wa nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa namfungulia mlango wa nyuma. Nilidhani anakuja mapema kunisaidia jikoni.

Ulimtupia yeye, lakini aliyekuwa mbele ya barua ni mimi. Sikulaumu. Ulimpiga aliyestahili bila kujua.

Barua hiyo nimeichoma. Kitabu cha mwaka 2011 fanya utakavyo, ila ukija Kasulu usije nacho. Prince mwambie ukweli, usimwambie ni mashine ya nakala, usimwambie ni mzee mkali. Mwambie mama mmoja Kasulu aliuona mkanda wake.

Lukmani ananiita. Kesho ni Ijumaa, na kila Ijumaa hupanda mimi kwenye kiti kuufuta vumbi ubao, yeye akishika miguu ya kiti nisianguke, akiniuliza kama rangi bado inasomeka. Huwa namwambia inasomeka.

Ukijibu, andika taratibu. Anayesoma ni mimi.

Dada yako,
Safina